Jeki Gani Yafaa kwa Kushusha Sanduku la Gia?

Hapa Bukavu motokari mpya ni chache, na za zamani ni nyingi sana. Hizo za zamani zimekwisha kubeba mihogo na makaa, saruji na mabati, maarusi na maiti, na bado zatembea. Lakini kila mwenye motokari ya namna hiyo ajua kwamba siku moja klachi yake itakwisha. Kupanda milima ya Ngomo kutoka Kamanyola gari likiwa na mzigo, au kusimama na kuondoka mara ishirini katika miteremko ya Kadutu siku ya soko, huila sahani ya klachi kama vile kinoo kinavyokula kisu.

Sasa klachi haikuwekwa mahali pa kufikika kwa mkono. Imefichwa kati ya injini na sanduku la gia, ambalo mafundi wetu huliita bwati. Kuibadili klachi yenyewe ni kazi ya bolti chache tu; mwanafunzi mwenye akili aweza kuifanya kwa muda mfupi. Kazi iliyo kubwa ni kulishusha sanduku zima chini ya gari, na iliyo kubwa kupita hiyo ni kulirudisha mahali pake. Na mtu anayefanya kazi hii nyumbani, uwanjani pake, bila shimo la gereji wala mashine ya kuinulia motokari, hukutana mapema na swali moja: sanduku hilo litalala juu ya nini likishuka? Yaani, atumie jeki gani, au kriki gani kama wasemavyo mafundi wengi wa huku?

Twapenda kulieleza jambo hili kwa urefu kidogo, maana lilitushughulisha nyumbani kwetu majuma mawili kamili. Tena tumeona kwamba watu wengi huchagua jeki kwa kutazama nambari moja tu iliyoandikwa ubavuni mwake, ile ya tani. Kumbe nambari hiyo ndiyo yenye maana ndogo kuliko zote.

Pikapu yetu ni Toyota Hilux ya kuvuta kwa magurudumu manne. Ndiyo inayokwenda Walungu kuleta mihogo na viazi, na ndiyo inayolipa karo za watoto wanne. Klachi ilipoanza kuteleza, tulipata mzee mmoja, fundi wa siku nyingi, aliyekubali kuja kwetu siku mbili kwa malipo tuliyoyaweza. Alitupa masharti mawili. La kwanza, kijana wetu mkubwa, ambaye yuko katika shule ya ufundi, amsaidie kwa kulala naye chini ya gari. La pili, sisi wenyewe tutafute jeki, kwa kuwa yeye ana funguo zake lakini jeki ya kazi hiyo hana.

Mama wa nyumba alisikiliza yote bila kusema neno. Kisha akamwambia mzee kwa heshima: «Papa fundi, sikatai. Lakini kabla mtoto hajalala kule chini, mtanionyesha kitu kitakachokishika chuma hicho. Msiniambie, mnionyeshe.» Mzee akacheka, akajibu: «Mama, hata mimi nataka kuonyeshwa.» Tangu siku ile maneno hayo yakawa kipimo chetu kila tulipokwenda kutazama jeki.

Kwanza tulitaka kujua uzito. Sanduku la gia la motokari ndogo, ambayo injini yake imelala kwa upana na kuvuta kwa magurudumu ya mbele, huwa na uzito wa kilo 30 hadi 50 hivi. Pikapu ya kawaida yenye kuvuta kwa magurudumu ya nyuma tu haitofautiani sana na hapo. Lakini yetu ina kuvuta mbele na nyuma, na nyuma ya sanduku lake imeungwa transfa, yaani sanduku la pili lenye kugawa nguvu. Vyote viwili pamoja ni karibu kilo 80. Katika motokari kubwa za kazi, kama Land Cruiser za zamani, sanduku na transfa hupita kilo 100. Kilo 80 ni mtu mzima mnene aliyelala usingizi: hakusaidii kumbeba, hana mahali pazuri pa kumshika, tena wewe mwenyewe umelala chali na huwezi kujikaza kwa miguu. Vijana wa mitaani hupenda kulipokea sanduku kwa vifua vyao, wawili watatu, na kujisifu baadaye. Twawaheshimu kwa nguvu zao. Ila hatupendi kuwaiga.

Uzito si shida peke yake. Sanduku la gia halina umbo la gunia. Mbele lina kichwa kipana chenye umbo la kengele, nyuma ni jembamba, na transfa ikiwapo hutokeza upande mmoja kama nundu. Tumbo lake halikunyooka. Lina mbavu, vifuniko na mfuniko wa kumwagia mafuta. Basi uzito wake hauko katikati, wala si kwa urefu wala si kwa upana. Ukilitegemeza mahali padogo, litatafuta lenyewe njia ya kuanguka.

Miaka michache iliyopita, katika uwanja mmoja usio mbali na kwetu, vijana watatu walikuwa wakishusha sanduku la basi dogo kwa jeki ya chupa. Jeki ile ilikuwa ya tani tano, wala haikuvunjika, wala haikuvuja. Lakini kichwa chake hakikuzidi upana wa kifuniko cha chupa ya bia. Bolti ya mwisho ilipotoka, sanduku liliinama mbele, likateleza, likamwangukia mmoja wao mkononi. Alipona, lakini vidole viwili vya mkono wake wa kulia havikunjiki hata leo. Naye alikuwa fundi wa cherehani. Tani tano zilikuwa pale pale zimesimama wima, hazina kazi. Ndiyo maana twasema kwamba katika kazi hii usitazame nguvu ya jeki, bali utazame kiti chake: jinsi kinavyokumbatia mzigo, jinsi kinavyoinama pamoja nao, na jinsi kinavyoshuka.

Wanafunzi wetu huenda wakauliza: kwani jeki ndogo hupata wapi nguvu ya tani tano? Jibu lake lilielezwa na Mfaransa Blaise Pascal, na maandishi yake juu ya mizani ya vinywaji yalichapwa mwaka 1663, mwaka mmoja baada ya kufa kwake. Ukisukuma mafuta yaliyofungwa ndani ya chombo, msukumo huenea sawasawa pande zote. Basi kama pistoni ndogo ina upana wa sentimeta 1 ya mraba, na pistoni kubwa ina sentimeta 20 za mraba, kusukuma ndogo kwa kilo 10 kwainua kilo 200 kwenye kubwa. Lakini hakuna cha bure: ndogo ikishuka milimeta 20, kubwa yapanda milimeta 1 tu. Mwingereza Joseph Bramah alipata hati ya mashine ya kukandamiza kwa njia hiyo mwaka 1795, na jeki za mafuta ni wajukuu zake. Kutokana na mafundisho hayo fundi ajifunze jambo moja: kinachoshikilia mzigo ni mafuta yaliyozuiwa na mpira mdogo. Mpira ukichoka, mafuta hupita, na mzigo hushuka polepole pasipo kelele. Kwa hiyo hakuna jeki hata moja, iwe mpya, iwe ya bei kubwa, ambayo mtu aweza kulala chini ya motokari iliyoshikwa nayo peke yake. Motokari hukaa juu ya stendi za chuma. Jeki ya sanduku hushika sanduku tu.

Tulianza safari ya kuzitazama jeki. Ile ya mkasi inayokuja na gari tuliiacha nyumbani, maana ni ya kubadili gurudumu na basi. Jeki ya chupa tulikwisha kuihukumu, ingawa baadaye tutaipa kazi nyingine. Sokoni tulionyeshwa jeki ya magurudumu, ile ndefu yenye mkono, iliyo kama toroli. Mwuzaji, kijana mchangamfu, alituambia: «Mwalimu, hii yabeba tani mbili! Chukua ulale usingizi.» Tukamjibu: «Mdogo wetu, tani mbili hatuna. Tuna kilo themanini tu, lakini zina nundu.»

Jeki ya magurudumu si mbaya. Yashuka chini sana, kama sentimeta 13 au 14, na valvu yake hufunguliwa kwa kuuzungusha mkono wake mrefu, hata fundi aweza kuushusha mzigo kidogo kidogo akiwa mbali nao. Lakini ina kasoro tatu kwa kazi yetu. Kiti chake ni kama kisahani cha chai. Tena, jeki nyingi ndogo za namna hiyo hazipandi zaidi ya sentimeta 35 hivi. Na ya tatu, ambayo wengi hawaitambui: kiti chake hakipandi wima. Mkono wa ndani huinuka kwa duara, na kiti husogea mbele au nyuma huku kikipanda. Juu ya sakafu laini ya gereji haidhuru, maana magurudumu yake madogo ya chuma yatajisogeza. Juu ya udongo wetu mwekundu magurudumu hayo hujichimbia, hayaendi popote. Basi ni mzigo unaoburutwa. Sanduku lililo katikati ya kutoka, shafti yake ingali ndani ya klachi, halipendi kuburutwa hata sentimeta moja.

Ndipo tukafika kwa jeki iliyotengenezwa kwa kazi hii hasa. Ziko za namna mbili. Ya kwanza ni ndefu kama mlingoti. Hata ikishushwa kabisa kimo chake huwa kama mita 1, nayo ni ya gereji zenye shimo au zenye mashine ya kuinua motokari juu ya kichwa cha mtu. Mtu wa nyumbani asiipoteze fedha yake kwa hiyo. Ya pili ni fupi, ina magurudumu manne yaliyotandazwa, na badala ya kisahani ina bamba la chuma. Bamba hilo lina masikio manne yanayosogezwa kulingana na umbo la sanduku, mnyororo au mkanda wa kulifunga, na parafujo za kuliinamisha mbele na nyuma, na katika zilizo bora hata kushoto na kulia. Kwa kawaida hubeba kilo 200 hadi 500. Mwuzaji wa tani mbili angeicheka. Sisi tuliiona, tukajua kwamba hiyo twaweza kumwonyesha Mama wa nyumba.

Hata hivyo hatukuinunua siku ile, kwa sababu ya vimo. Hapa twawaomba wasomaji watuvumilie, maana kosa la kimo ni la kila siku. Jeki ina vimo viwili, cha chini na cha juu, na vyote viwili yapasa kupimwa dhidi ya motokari yako mwenyewe, ikiwa imekwisha kuwekwa juu ya stendi. Tuliiinua pikapu kama itakavyokuwa siku ya kazi, tukapima kwa utepe wa mshonaji. Kutoka ardhini mpaka tumbo la sanduku: sentimeta 58. Maana yake, jeki isiyofika 58 haiwezi hata kuligusa sanduku, na mwenye jeki ya 35 atajaribu kuziba sentimeta 23 kwa vipande vya mbao vilivyopangwa kimoja juu ya kimoja. Mnara wa namna hiyo ni mtego wa panya. Kutoka ardhini mpaka ukingo wa chini wa chesisi: sentimeta 55. Sanduku letu, kwenye kengele yake, lina kimo cha kama 40. Jeki fupi ikishuka kabisa ina 20. Arobaini na ishirini ni sitini. Sitini haipiti katika hamsini na tano.

Watu hustaajabu hapo, wakisema: basi inueni motokari zaidi. Lakini kadiri uinuavyo motokari ili sanduku lipate njia ya kutokea, ndivyo tumbo la sanduku linavyokwenda juu na kuitaka jeki ndefu zaidi. Nayo motokari iliyo juu sana juu ya udongo hutikisika. Sisi tulichagua kutoinua zaidi. Tuliamua kwamba sanduku likisha kushuka kabisa, litafunguliwa mnyororo na kuvutwa na watu wawili kutoka kwenye bamba hadi juu ya ubao uliopakwa sabuni, kisha ubao wenyewe utaburutwa nje. Kutoka kimo cha sentimeta 20 hakuna anayevunjika kidole, akiwa mwangalifu. Jeki yetu ilipasa basi kufika 58 na zaidi kidogo. Tuliipata inayopanda kutoka 20 hadi 80.

Lakini fedha? Jeki ya namna hiyo ikiwa mpya ilitushinda. Na kwa kusema kweli, mtu anayebadili klachi mara moja katika miaka minne au mitano hana haja ya kuimiliki peke yake. Waweza kuikodi gerejini kwa siku mbili, ikiwa gereji yakubali. Kwetu zilizokuwa na jeki hiyo hazikukubali itoke. Waweza pia kumwendea mchomeleaji na jeki ya magurudumu ya jirani, akakutengenezea kiti: bamba nene lenye kipini kinachoingia katika tundu la kisahani kilichoondolewa, na pembe mbili za chuma za kulishika tumbo la sanduku. Twaliona ni jambo jema kwa sanduku jepesi, mradi kipini kiwe kirefu, kifungwe kwa pini ili kisichomoke, na bamba liwe na matundu ya kupitishia mkanda. Wengine hutumia mipira iliyokatwa kwenye tyubu za magurudumu, ile tunayofungia kila kitu katika nchi hii. Mpira ni mzuri juu ya baiskeli. Chini ya motokari haufai, kwa sababu hunyumbuka: sanduku likianza kuinama, mpira hulipisha kwa adabu.

Kuna na njia ya wazee ambayo fundi wetu aliifanya ujanani. Waondoa mkono wa gia ndani ya gari, wapitisha boriti imara katika milango miwili iliyo wazi, ncha zake zikakalia magogo ya nje, kisha watundika kapi na mnyororo katikati na kulishusha sanduku kupitia tundu la mkono wa gia. Ni njia ya werevu, na kwa pikapu yenye sanduku la kilo 40 twaiona bora mara kumi kuliko jeki ya chupa. Ubaya wake ni wakati wa kurudisha: sanduku linaloning'inia huzunguka, na kulilenga ni kazi ya kutokwa jasho.

Mwishowe tulipatana jirani watatu wenye motokari, tukachanga, tukanunua jeki fupi iliyokwisha kutumika. Kwa chombo cha namna hiyo mtu asitazame rangi. Tuliipandisha juu kabisa tukaipangusa pistoni yake: iwe inang'aa, isiwe na mashimo ya kutu, maana kutu hukata mpira kila inapopanda na kushuka. Tukatazama kama mafuta yatoka chini yake. Kisha tukaipakia magunia mawili ya saruji, kilo 100 sawasawa, tukatia alama ya chaki penye kimo chake, tukaomba ruhusa ya kungoja. Mwenye nayo alinuna kidogo, lakini alituletea viti. Baada ya saa nzima alama ilikuwa pale pale. Tukafungua valvu polepole: ilishuka kwa utaratibu, haikuruka. Hilo la mwisho ni kubwa, kwa sababu jeki inayopanda vizuri lakini ikashuka kwa kishindo haifai kitu katika kazi ambayo nusu yake ni kushuka. Neno moja zaidi: mafuta ya jeki yakipungua, yaongezwe mafuta ya jeki. Anayetia mafuta ya breki huiharibu mipira ya ndani.

Mama wa nyumba alionyeshwa jeki ikiwa na magunia yake juu. Akalisukuma bamba kwa mguu, akauvuta mnyororo, akauliza: «Na gari lenyewe litakaa juu ya nini?» Tukamwonyesha stendi nne. Chini ya kila moja tuliweka kipande cha ubao mnene, mpana kuliko miguu ya stendi, ili isizame katika udongo. Matofali ya saruji yenye matundu hatukuyatumia kabisa, ingawa yalikuwa yamerundikwa pale pale. Tofali la namna hiyo hubeba, hubeba, kisha hupasuka ghafula bila kutoa taarifa. Mahali pa kazi tulipachagua katika uwanja wa jirani, kwa sababu wetu ni mteremko, na tukatandaza mabamba mawili ya plaiwudi nene ili magurudumu ya jeki yapate barabara yao.

Kazi yenyewe tutaipita upesi. Waya wa betri uliondolewa, mafuta yakamwagwa, propela zote mbili zikatiwa alama ya rangi kabla ya kufunguliwa ili zirudi jinsi zilivyokuwa. Lakini jambo moja lahusu kuchagua jeki, nalo husahauliwa: zahitajiwa jeki mbili. Injini ya pikapu hukalia nguzo mbili za mbele, na mgongo wake hushikwa na lile boriti la chuma lililo chini ya sanduku. Ukiondoa boriti, injini huinama nyuma, ikavuta mipira na mabomba yake. Hapo jeki ya chupa ilipata kazi yake ya heshima: ilikaa chini ya ukingo wa nyuma wa injini, na kipande cha ubao katikati ili isitoboe sampu. Haikuwa na la kufanya ila kusimama, na kusimama ndiko inakokujua.

Jeki fupi ililetwa chini ya sanduku, bamba likainamishwa mpaka likalingana na mwinamo wa injini, masikio yakasogezwa, mnyororo ukakazwa. Kijana wetu alilala ubavuni, si chini ya mzigo, kama mzee alivyomwamuru. Bolti zilipotoka zote, sanduku halikutikisika. Likavutwa nyuma wima bila kuning'inia, mpaka shafti ikatoka yote katika sahani ya klachi. Lingeachwa liinamie shafti hiyo, sahani ingepinda, na klachi mpya ya kesho ingetetemeka tangu siku ya kwanza. Kisha likashuka, mzee akiifungua valvu kwa vidole viwili.

Siku ya pili, ya kurudisha, ndipo tulipoona faida yote ya kiti chenye kuinama. Mzee alikata vichwa vya bolti mbili ndefu akazikaza katika injini, kushoto na kulia, ziwe njia ya kuliongoza sanduku. Na sahani ya klachi aliilenga katikati kwa mti wa msonobari alioutengeneza mwenyewe. Sanduku likapanda, likaingia nusu, likakataa. Kijana akashika bolti ili alivute kwa ufunguo. «Hapana, mwanangu,» mzee akasema. «Ukilivuta kwa bolti, masikio ya sanduku yatapasuka. Zungusha parafujo ya nyuma robo mzunguko.» Akazungusha. Hakuna kilichotokea. Robo nyingine. Mzee akaisogeza shafti ya nyuma kwa mkono, meno yakapata nafasi, na sanduku likaenda mbele lenyewe kwa sauti ndogo ya chuma juu ya chuma, hata kengele ikaigusa injini pande zote. Bolti sita za kwanza ziliingia kwa vidole.

Tangu hapo jeki imekwisha kutumika kwa basi dogo la jirani wa pili, na sasa iko kwa wa tatu, ambaye Corolla yake ni ya kuvuta mbele. Kwa hiyo amelazimika kugeuza masikio ya bamba kwa namna nyingine, na ameiona kazi ni nyepesi kuliko yetu. Ametuletea habari kwamba pete moja ya mnyororo imeanza kulika. Jumamosi tutaibadili, kabla jeki haijarudi kwetu.